Prince na Vile Alivyoviacha Nje

Mwaka 1984 wimbo "When Doves Cry" wa mwanamuziki Prince ulikaa wiki 5 kileleni mwa chati ya Billboard huko Marekani. Ni wimbo wa kucheza, na hauna gitaa la besi tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa mpigaji yeyote hilo linashangaza. Besi ndiyo inayombeba mchezaji; ukiitoa katika rumba au katika taarab ya kisasa, miguu inakosa pa kukanyaga. Prince alikuwa ameshairekodi besi ya wimbo huo. Akaifuta, akauacha utembee kwa mashine ya ngoma, kinanda, gitaa na sauti yake.

Naanzia hapo kwa sababu anaposifiwa msanii mwenye vipaji vingi, desturi ni kutaja alivyochanganya: fanki kiasi, roki kiasi, pop kiasi, jazi kwa mbali. Sifa hiyo haimtendei haki Prince. Kuchanganya hakumshindi mtu mwenye masikio na studio. Alichokuwa nacho yeye ni ujasiri wa kupunguza. Kwa kila mwalimu wake alichukua jambo moja au mawili, mengine akayaacha palepale, na nafasi iliyobaki wazi ndiyo tunayoitambua leo kuwa ni sauti ya Prince.

Alizaliwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, tarehe 7 Juni 1958. Baba yake, John L. Nelson, alikuwa mpiga piano wa jazi aliyetumia jina la Prince Rogers jukwaani, na jina hilo akampa mwanawe. Mama yake, Mattie Shaw, alikuwa mwimbaji wa jazi. Wazazi walipotengana baba aliondoka, piano ikabaki, na mtoto akajifunza mwenyewe kuipiga.

Mji wenyewe ulimlea kwa namna ya pekee. Mwaka 1970 watu weusi hawakufika asilimia 5 ya wakazi wa Minneapolis. Kituo cha redio kilichowapigia muziki wao, KUXL, kilirusha matangazo mchana tu. Jua likizama kinazima. Usiku aliyetaka muziki alihamia KQRS, kituo cha roki. Kwa hiyo kijana yuleyule alishinda na James Brown na kukesha na magitaa ya Wazungu. Kijana wa Detroit alikuwa na Motown, wa Memphis alikuwa na Stax, kampuni zenye bendi zake, mafundi wake na namna zake za kupiga. Minneapolis haikuwa na nyumba ya aina hiyo. Hapakuwa na mkubwa wa kumwambia Prince kwamba hivi sivyo tunavyopiga sisi.

Mwalimu wa kwanza ni James Brown. Prince alisimulia katika mahojiano kwamba akiwa na umri wa miaka kama 10 baba yake wa kambo alimpandisha jukwaani Brown alipokuwa akitumbuiza. Ili kuelewa alichorithi pale, hesabu moja mpaka nne. Katika muziki wa soul wa kabla yake, mkazo ulikaa kwenye mbili na nne, pale waumini wanapopiga makofi kanisani. Brown aliuhamishia kwenye moja. Katika "Cold Sweat" ya mwaka 1967 bendi nzima inatua kwenye moja, kisha kila chombo kinashika kifungu chake kifupi na kukirudia bila kuchoka. Gitaa linakwaruza tu, kama chombo cha ngoma. Saksafoni na tarumbeta zinachoma na kunyamaza. Aliyekulia kwenye muziki wa dansi hatapata taabu hapa, kwani anazijua solo, mi-solo na ridhimu, kila moja na kazi yake ndogo, na anajua utamu unatoka pale zinaposokotana. Brown alipokwenda Kinshasa Septemba 1974 kwa tamasha la Zaire 74, alikuwa katika orodha moja na Franco na TP OK Jazz, na masikio ya pale hayakuhitaji mkalimani.

Prince alichukua ile moja, akachukua gitaa la kukwaruza, akachukua na ukali wa Brown kwa bendi. Akaziacha saksafoni na tarumbeta. Katika albamu zake za mwanzoni mwa miaka ya 1980 ile michomo ya tarumbeta inapigwa kwenye vinanda vya umeme, hasa vya Oberheim. Sikiliza mwanzo wa wimbo "1999" wa mwaka 1982: kile kinachotangaza kwa nguvu kama kundi la tarumbeta ni vidole vya mtu kwenye kinanda. Waandishi wa muziki wameuita mtindo huo Sauti ya Minneapolis, na hii ndiyo alama yake kubwa. Fanki iliyokuwa na jasho la watu wengi chumbani ikawa nyembamba, ya baridi, ya kung'aa.

Wa pili ni Sly Stone. Kundi lake, Sly and the Family Stone, lilikuwa na weusi na weupe, wanawake na wanaume, tena wanawake waliopiga vyombo. Ukiitazama The Revolution, bendi ya Prince ya wakati wa albamu ya "Purple Rain", yenye Wendy Melvoin kwenye gitaa na Lisa Coleman kwenye kinanda, unaona mpango uleule. Lakini kwangu deni kubwa zaidi ni lingine, ambalo halitajwi sana. Mwaka 1971, katika "Family Affair", Sly alitumia mashine ya ngoma, kifaa cha kusindikiza wapiga kinanda, akakigeuza kuwa moyo wa wimbo wa fanki. Miaka kama 10 baadaye Prince akapata mashine bora zaidi, Linn LM-1, ambayo ndani yake mna sauti za dramu halisi zilizorekodiwa. Wengi waliitumia ili wasimlipe mpiga dramu. Prince aliishusha sauti, akaipitisha kwenye pedali za gitaa, hadi pigo la ukingo wa dramu likasikika kama mtu anayebisha mlango wa chumba kitupu. Ndilo linalouongoza "When Doves Cry".

Wengine nawapitia kwa haraka. Stevie Wonder alimwonyesha kwamba mtu mmoja anaweza kuwa bendi nzima, na albamu ya kwanza ya Prince, "For You" ya mwaka 1978, iliyotoka akiwa na miaka 19, ilimtaja kuwa mpigaji wa vyombo 27. Kwa gitaa watu walimfananisha na Jimi Hendrix. Mwenyewe alisema amejifunza zaidi kwa Carlos Santana, na ukisikia anavyoivuta noti moja hadi ilie, utamwamini.

Ambaye wasikilizaji wetu hawamtarajii ni Joni Mitchell, Mkanada mweupe mwenye gitaa la mbao. Joni mwenyewe amesimulia kwamba Prince alipokuwa kijana alimwandikia barua za ushabiki. Mwaka 1985 Prince aliitaja "The Hissing of Summer Lawns" ya mwaka 1975 kuwa albamu aliyoipenda mwanzo hadi mwisho. Ugonjwa wa polio utotoni uliudhoofisha mkono wa kushoto wa Joni, naye akatafuta namna zake za kutuni gitaa ili vidole vifike. Humo zikazaliwa noti za kupigwa pamoja, yaani kodi, ambazo hazitui: si za furaha, si za huzuni, zinabaki zikiuliza.

Huo ndio utajiri ambao fanki haikuwa nao. Wimbo wa fanki unaweza kukaa kwenye kodi moja dakika 7. Prince aliziingiza kodi za Joni juu ya mdundo wa mashine, na matokeo bora kabisa, kwa sikio langu, ni "The Ballad of Dorothy Parker" wa mwaka 1987, ambao ndani yake anautaja wimbo mmoja wa Joni. Fundi wake wa sauti, Susan Rogers, ameeleza kwamba siku ya kurekodi meza mpya ya kuchanganyia sauti ilikuwa na hitilafu ya umeme na sauti za juu zilipotea. Prince hakusimama kusubiri matengenezo. Wimbo ukatoka umefifia, kana kwamba unasikika chini ya maji, na akauacha hivyohivyo.

Anayetaka kuyahakikisha haya kwa masikio yake aupige "Cold Sweat", kisha papo hapo aupige "Kiss" wa mwaka 1986. Prince alikuwa amewapa wimbo huo vijana wa kundi la Mazarati. Walipoutengeneza upya na prodyuza David Z, akaupenda, akauchukua tena, akaitoa besi, akaongeza gitaa la kukwaruza na kuimba kwa sauti nyembamba ya juu. Kampuni ya Warner ilipousikia ilidhani haujakamilika. Ulifika namba 1. Halafu asikilize "Control" ya Janet Jackson, ya mwaka huohuo, iliyorekodiwa Minneapolis na maprodyuza Jimmy Jam na Terry Lewis, ambao Prince aliwafukuza kutoka kundi la The Time mwaka 1983. Vinanda vimeshika kazi ya tarumbeta, mashine iko mbele, lakini besi imerudi mahali pake, nene na ya kutosha. Walikuwa wamejifunza kwake, nao wakachagua cha kuacha.