Mwalimu Huandaliwa Wapi?

Wasomaji wetu wengi waliolelewa mkoani Singida wanakifahamu Chuo cha Ualimu Kinampanda, wilayani Iramba. Ni wachache wakumbukao kwamba mizizi yake imo katika kazi ya Misioni ya Augustana, Walutheri wa Marekani ambao mmisionari wao wa kwanza, Ralph Hult, alifika Tanganyika mwaka 1924. Siku zile mwalimu na mwinjilisti mara nyingi walikuwa mtu mmoja. Juma zima alishika chaki, Jumapili alihubiri, na mmisionari aliyezuru mtaa alikagua shule pamoja na daftari la ubatizo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za madhehebu mikononi mwa Serikali. Hatuyaandiki haya kwa manung'uniko, maana watoto wengi wasio wa washarika wetu walipata mlango kwa njia hiyo. Lakini tangu hapo Kanisa limejizoeza kuona maandalizi ya walimu kuwa jambo la wengine. Ndipo tunapokosea.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977, ingawa mpango wa awali ulikuwa umelenga mwaka 1989. Vyuo vilivyokuwapo havikuweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda mfupi namna ile. Hivyo vijana waliomaliza darasa la saba walichaguliwa wakafunzwe vijijini: sehemu ya siku wakifundisha madarasa ya chini, sehemu nyingine wakisoma kwa njia ya posta na kwa vipindi vya redio, huku wakufunzi wakizunguka kuwatembelea. Mwishoni walikaa chuoni majuma machache, wakafanya mtihani. Kwa njia hiyo nchi ilipata walimu zaidi ya 35,000.

Ni desturi kuwadharau walimu wale, na jina lao la UPE limegeuzwa kuwa dhihaka. Tusiifiche kasoro iliyokuwapo: kijana wa darasa la saba hawezi kufundisha hesabu ambazo yeye mwenyewe hakuzielewa. Hata hivyo alikuwa na kitu ambacho mhitimu wa leo mara nyingi hana. Mtoto wa Iramba aanzaye shule huku akifahamu Kinyiramba tu, au wa Singida Vijijini afahamuye Kinyaturu, alikutana na mwalimu aliyeyaelewa maneno yake. Tena kosa la asubuhi darasani mwalimu huyo aliweza kulipeleka kwa mwalimu mwenzake mchana uleule. Elimu yake ilikuwa haba, lakini mahali alipojifunzia palikuwa sahihi.

Mageuzi yaliyofuata yaliitazama zaidi elimu, na mahali wakapasahau. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilitaka mwalimu wa shule ya msingi awe amemaliza kidato cha nne, na hilo lilikuwa jema. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza mwaka 2002 baada ya ada kufutwa, ulijaza madarasa kiasi kwamba mafunzo ya chuoni yalifupishwa hadi mwaka mmoja, na mwaka wa pili ukawa wa kufundisha shuleni chini ya uangalizi. Uangalizi huo mahali pengi ulikuwa ni jina tu. Mwaka 2005 ukaja mtaala unaomtaka mwanafunzi ashiriki na atende. Nao wakufunzi wakauhubiri kwa kuandika ubaoni, wanachuo wakinakili. Mtu hufundisha kama alivyofundishwa, si kama alivyoambiwa afundishe.

Hapa sisi Walutheri hatuna budi kuikumbuka Saksonia ya mwaka 1528. Luther na wenzake walizuru sharika, wakakuta wachungaji wasioweza kuwafundisha watu hata Sala ya Bwana. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 ilizaliwa na ziara ile. Ziara ilitangulia, kitabu kikafuata.

Kwa hiyo tunaupokea kwa matumaini mpango wa Serikali uitwao MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambao huwakutanisha walimu wa shule moja au za jirani wajadili masomo yanayowashinda. Shida yake ni ileile ya miaka ya sabini: bila mtu wa kuwafikia walimu, kikao hugeuka kuwa orodha ya mahudhurio. Mchungaji wa usharika wa vijijini hana mamlaka juu ya kikao hicho, wala asiyatafute. Lakini ana jengo, ana viti, mara nyingine ana umeme wa jua, na anafika shuleni kila juma kwa kipindi cha dini. Anaweza kumwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kuketi nyuma ya darasa, kisha amwalike mwalimu yule naye aketi nyuma ya kipindi chake cha dini na amwambie kweli alichokiona.

Na vyuo vyetu vya theolojia je? Tumewapa wanafunzi alama za mahubiri kwa kuyasoma karatasini, pasipo kuwasikia wakihubiri. Mwinjilisti tuliyemhitimisha hatumtembelei tena mpaka siku ya kuzindua kanisa. Muhula ujao tumekubaliana kwamba kila mhadhiri wa somo la katekesi atakwenda mara mbili katika mitaa wanakofanyia mazoezi wanafunzi wake, na ripoti ya kwanza itakayosomwa katika baraza la chuo itahusu ufundishaji wake yeye mhadhiri.