Ritifaa, Kistari na Faharasa: Kupandisha Toleo la Mfumo wa Uendeshaji katika Kundi la Seva za Hifadhidata

Makala haya yanakusudia kueleza kazi ya kiufundi ambayo, kwa mtazamo wa kwanza, haiwahusu wanaisimu: kupandisha toleo la mfumo wa uendeshaji katika seva kadhaa zinazotunza hifadhidata moja kwa pamoja. Inawahusu kwa sababu ndani ya mfumo huo mmefichwa kanuni za kupanga maneno kialfabeti. Kanuni hizo zilipobadilishwa mwaka 2018 katika mifumo ya jamii ya Linux, maneno ya Kiswahili yenye ng' yalikuwa miongoni mwa yale yaliyohamishwa mahali pake.

Yafaa kwanza kutenganisha istilahi. Nchini Kongo mambo ya kompyuta hujadiliwa zaidi kwa Kifaransa, na Kifaransa hutofautisha mise à jour na mise à niveau. Kiswahili nacho kina kusasisha na kupandisha toleo, lakini katika mazungumzo, hata hapa Kalemie, kitenzi kuboresha hubebeshwa maana zote mbili. Uzembe huo una gharama. Anayesasisha huziba kasoro ndani ya toleo lile lile, na kanuni za alfabeti kwa kawaida hazibadiliki. Anayepandisha toleo huenda akabadilisha kanuni zenyewe. Fundi aliyeambiwa tu "boresha seva" hajaambiwa kama anapaswa kuihofia faharasa yake.

Hifadhidata isiyotakiwa kusimama huwekwa katika kundi la seva, tuseme tatu. Moja ni kiongozi, nayo hupokea maandishi mapya. Mbili hutunza nakala. Kazi hufanywa kwa zamu: nakala ya kwanza hutolewa kundini, hupandishwa toleo, hurudishwa na kuachwa ijazie yaliyoandikwa wakati haipo, kisha nakala ya pili, mwishowe uongozi huhamishwa ili kiongozi wa zamani naye ashughulikiwe. Watumiaji huendelea na shughuli zao. Hatari inayojulikana na wengi ni kwamba seva moja ikiwa nje, mbili zilizobaki ndizo wingi wa kundi. Ikianguka moja zaidi, iliyobaki peke yake haina haki ya kujitangaza kiongozi, na kazi husimama. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, jambo hilo hupangiwa saa. Hatari ya pili haionekani kirahisi hivyo.

Faharasa ya hifadhidata hufanya kazi kama faharasa ya kitabu. Mtafutaji hasomi orodha yote. Hufungua katikati, hulinganisha, kisha huenda kushoto au kulia. Ulinganisho huo, katika hifadhidata ya PostgreSQL kwa mfano, kwa desturi huachiwa mfumo wa uendeshaji, hususan maktaba ya programu iitwayo glibc. Kabla ya toleo la 2.28, lililotoka Agosti 2018, maktaba hiyo ilipuuza ritifaa na kistari katika ulinganisho wa awali. Tangu toleo hilo alama hizo huhesabiwa, nazo hutangulia herufi zote.

Ichukuliwe orodha ya maneno matano. Kwa kanuni ya zamani mpangilio ni huu: ngalawa, ngazi, ngoma, ng'ombe, nguo. Ritifaa haihesabiwi, hivyo ng'ombe hukaa baada ya ngoma. Kwa kanuni mpya ng'ombe hutangulia yote. Sasa seva iliyopandishwa toleo ipewe faharasa iliyojengwa kwa kanuni ya zamani na iulizwe kama neno ng'ombe limo. Itafungua katikati, itakuta ngoma, itaamua kwamba ng'ombe hutangulia ngoma, itageukia kushoto kwenye ngazi na ngalawa, na itajibu kwamba neno hilo halimo. Neno limo, hatua moja tu upande wa kulia.

Hapa ndipo zamu inapogeuka mtego. Nakala za aina ya kawaida hunakiliwa baiti kwa baiti, pamoja na faharasa. Kiongozi, akiwa bado kwenye mfumo wa zamani, hujibu "yupo". Nakala iliyopandishwa hujibu "hayupo". Na anayeuliza hajui ni seva ipi iliyomjibu. Uongozi ukishahamishwa, kosa huwa la kundi zima, na hugeuka kutoka kusoma hadi kuandika. Ofisi ya uandikishaji wa wanafunzi inaweza kumpokea mara ya pili mtu aliyekwisha kuandikwa, kwa kuwa sharti la kutorudia jina au namba hutegemea faharasa hiyo hiyo. Majina yenye kistari yamo katika hatari ile ile: zamani Jeanne alimtangulia Jean-Pierre, sasa Jean-Pierre humtangulia Jeanne. Kongo ina akina Jean-Pierre wengi, licha ya siasa ya uhalisi ya mwaka 1972 iliyojaribu kuyafuta majina ya namna hiyo.

Wengi walilikabili jambo hili kwa kulazimika. Red Hat 7 na CentOS 7, zenye glibc 2.17, zilifikia mwisho wa matunzo yake ya kawaida tarehe 30 Juni 2024, na toleo la 8 lilikwisha kuwa na 2.28. Debian ilivuka mpaka huo ilipotoka toleo la 9 kwenda la 10, mwaka 2019. Kupima ni rahisi: maneno ngoma na ng'ombe yaandikwe katika mistari miwili na kupitishwa kwenye amri ya sort katika kila seva, kwa mpangilio wa lugha ule ule unaotumiwa na hifadhidata. Majibu yakitofautiana, seva hizo hazipaswi kushiriki faharasa moja ya maneno.

Ziko njia tatu. Ya kwanza ni kufunga uandishi mara tu uongozi unapohama na kujenga upya faharasa zote za maneno. Ya pili ni kutumia unakilishaji unaopeleka safu za data badala ya baiti, ili kila seva ijijengee faharasa kwa kanuni zake. Ya tatu, iliyo bora kwa hifadhidata inayoanzishwa leo, ni kutoitegemea glibc kabisa: tangu toleo la 17 la mwaka 2024, PostgreSQL ina mpangilio wake wa ndani usiofuata mfumo wa uendeshaji.

Kwa aliyechelewa, kujenga upya faharasa isiyoruhusu marudio hukataliwa pale ambapo marudio yamekwisha kuingia. Mashine hutaja jina lililorudiwa na kusimama. Kuamua kama ni mwanafunzi mmoja au wawili, na ni alama za nani zibaki katika mstari upi, hubaki kazi ya karani mwenye fomu za karatasi mkononi.