Hoteli ya Momella iliyorithi jina la filamu ya 'Hatari!'

MSAFIRI aondokaye Msambweni kwa barabara ya Lungalunga, akavuka mpaka hapo Horohoro na kushika njia ya Tanga na Moshi hadi Usa River, huwa amekaribia Momella, mahali palipohusika na filamu iliyolieneza neno moja la Kiswahili duniani.

Neno hilo ni 'Hatari!', jina la filamu ya Kimarekani iliyoongozwa na Howard Hawks na kutolewa mwaka wa 1962. Leo hoteli ndogo iliyo Momella, pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha nchini Tanzania, huitwa Hatari Lodge.

Jina hilo halikubandikwa tu ili kuvutia watalii. Hoteli imo katika nyumba za shamba la Hardy Krüger, mwigizaji Mjerumani aliyeshiriki filamu hiyo pamoja na John Wayne. Kazi ilipokwisha, wenzake walirejea makwao, naye akanunua ardhi Momella na kuishi huko hadi miaka ya 1970. Alifariki nchini Marekani mwaka wa 2022. Vyumba vya wageni vimepambwa kwa mtindo wa enzi zake.

Hata kabla ya kamera kufika, Momella ilikuwa na sifa zake. Margarete Trappe, mwindaji mashuhuri kutoka Ujerumani, alihamia huko mwaka wa 1907, akafariki mwaka wa 1957.

Filamu yenyewe yasimulia kundi la watu wanaonasa wanyama ili wauzwe kwa bustani za wanyama ng'ambo. Waigizaji walifukuza wanyama halisi kwa magari, na kwa kuwa mnyama hafuati maagizo ya mwongozaji, hadithi ilibidi ifuate yaliyonaswa.

Waafrika, kwa bahati mbaya, wamepewa nafasi ya wasaidizi tu, ilhali Tanganyika ilijinyakulia uhuru Desemba 9, 1961, baada ya picha kupigwa na kabla ya filamu kuonyeshwa. Mgeni anayevutiwa na mapambo ya hoteli hana budi kulikumbuka hilo.

Aketiye barazani aweza kuona nyati na twiga wakilisha uwandani, na Mlima Meru ukiwa karibu. Ila faru, mnyama ambaye filamu yaanza kwa kumfukuza, hatamwona. Hifadhi ya Arusha iliwapoteza faru wake kwa mikono ya majangili.