Green Bay Packers: Timu Isiyo na Tajiri

Utangulizi

Katika michezo ya kulipwa nchini Marekani, timu kwa kawaida huwa mali ya tajiri mmoja au familia yake. Mwenye mali akikosana na wakuu wa mji kuhusu uwanja, huweza kuihamisha timu, na mashabiki hubaki kuomboleza. Mwaka wa 1984, timu ya Colts iliuhama mji wa Baltimore usiku na kuelekea Indianapolis. Mnamo 1995, mmiliki wa Cleveland Browns naye alitangaza kwamba angeipeleka timu yake Baltimore. Hata hivyo, Green Bay, mji wa wakazi wapatao 107,000 katika jimbo la Wisconsin, haujapatwa na msiba huo kwa zaidi ya karne moja. Makala haya yanaeleza jinsi mji huo ulivyoihifadhi timu yake ya kandanda ya Kimarekani, mchezo ambao, licha ya jina lake, unakaribiana zaidi na raga kwa kuwa mpira hubebwa na kurushwa kwa mikono.

Chimbuko la Timu

Timu hii iliasisiwa mwaka wa 1919 na Curly Lambeau pamoja na mwanahabari George Calhoun. Lambeau alikuwa mwajiriwa wa Indian Packing Company, kampuni ya kufungasha nyama mikebeni, nayo ikatoa dola 500 za kununulia sare. Kwa sababu hiyo timu ikaitwa Packers, yaani wafungashaji. Mwaka wa 1921 ilijiunga na ligi ambayo mwaka uliofuata ilipewa jina la NFL.

Mashaka ya fedha hayakukawia. Mnamo 1923, wafanyabiashara wa mji waliigeuza timu kuwa shirika lisilolenga faida, wakauza hisa kwa dola 5 kila moja. Baadaye shabiki mmoja alianguka kutoka jukwaani, akaishtaki klabu na kushinda. Kampuni ya bima nayo ikafilisika, na klabu ikawekwa chini ya msimamizi wa mahakama. Wakazi wakachanga tena mwaka wa 1935, na hisa zikauzwa upya mnamo 1950, 1997, 2011 na 2021. Haba na haba hujaza kibaba.

Wenyehisa Wasiovuna

Leo wenyehisa ni zaidi ya 500,000. Hisa zao hazileti gawio, wala haziuzwi sokoni kwa faida. Hakuna aruhusiwaye kumiliki zaidi ya hisa 200,000, na mwenyehisa hapewi hata tiketi ya bure. Anachopata ni haki ya kupiga kura katika mkutano wa kila mwaka na kuwachagua wakurugenzi.

Wapo wanaodai kwamba cheti hicho ni karatasi ya kutundikwa ukutani tu. Kwa kipimo cha soko, dai hilo lina ukweli. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba klabu ikiuzwa, fedha zitakazobaki zitakwenda kwa wakfu wa hisani. Asiye na cha kuvuna katika mauzo hana sababu ya kuuza. Ligi yenyewe sasa hairuhusu umiliki wa aina hii. Packers wameachwa kwa kuwa walitangulia sheria hiyo.

Siku ya Mchezo

Uwanja wa timu ulifunguliwa mwaka wa 1957 ukiwa na nafasi ya watu wapatao 32,000, na mwaka wa 1965 ukapewa jina la Lambeau Field baada ya mwasisi huyo kufariki. Sasa unachukua zaidi ya watu 81,000. Tiketi za msimu zimekuwa zikiisha tangu 1960, na orodha ya wanaongojea ina majina zaidi ya 100,000. Wazazi huwaandikisha watoto wachanga, na tiketi hurithishwa katika ukoo kama shamba.

Uwanja umezungukwa na nyumba za watu, na wenyeji hukodisha nyua zao kuwa maegesho. Saa kadhaa kabla ya mchezo, moshi wa soseji zinazochomwa hutanda, huku mashabiki wakivaa kofia zenye umbo la jibini, zao linaloupa Wisconsin sifa. Theluji ikianguka, mamia ya wakazi huja kuiondoa majukwaani kwa sepetu, kwa ujira wa saa.

Tarehe 31 Desemba 1967, Packers, wakiongozwa na kocha Vince Lombardi, walikutana na Dallas Cowboys katika fainali ya ligi. Baridi ilikuwa nyuzi 25 chini ya sifuri. Mitambo ya kupasha uwanja joto ilishindwa, na vipenga vya waamuzi vikaganda. Watazamaji zaidi ya 50,000 walifika. Zikiwa zimesalia sekunde 13, Bart Starr alijipenyeza na mpira hadi ng'ambo ya mstari, na Packers wakashinda 21-17.

Hitimisho

Packers wametwaa ubingwa mara 13, idadi isiyofikiwa na timu nyingine yoyote ya ligi hiyo. Lakini hata katika miaka mingi ya kushindwa baada ya Lombardi kuondoka, viti vilijaa na timu haikuhama. Miji mikubwa kuliko Green Bay imepoteza timu zenye matajiri. Mji huu mdogo umebaki na yake kwa kuwa hakuna mtu mmoja awezaye kuiita yangu.