Namba 4,294,967,297: Kati ya Dhana na Ithibati

Kabla ya kuichunguza namba 4,294,967,297, yapasa kwanza kuitamka, na hapo ndipo ugumu unapoanzia. Msomaji wa Dar es Salaam huanza kwa «bilioni nne». Yule wa Lubumbashi, aliyefundishwa hesabu kwa Kifaransa, husema «miliari nne», kwani katika Kifaransa bilioni ni milioni ya milioni. Tarakimu pekee ndizo zinazowapatanisha.

Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 32, ikiongezwa 1. Ni ya sita katika mfululizo unaoanza na 3, 5, 17, 257 na 65,537. Kila namba huzaa inayofuata: hutolewa 1, jawabu huzidishwa kwa lenyewe, kisha huongezwa 1. Tano hizo za mwanzo ni namba tasa, yaani hazigawanyiki pasipo baki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mwaka 1640, Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, aliandika kwamba anasadiki zote za mfululizo huo ni tasa, ingawa alikiri kuwa hana ithibati.

Mwaka 1732, Leonhard Euler, akiwa Saint Petersburg, alionyesha kwamba ile ya sita si tasa: ni 641 × 6,700,417.

Ithibati yake yaweza kufuatwa pasipo kuzidisha tarakimu zote. Kwanza, 641 ni 5 × 2⁷ + 1. Hivyo 5 × 2⁷ imepungua 1 tu kuifikia 641. Ikipandishwa kwa kipeo cha 4, ambacho ni shufwa, upungufu huo hugeuka ziada: 5⁴ × 2²⁸ ikigawanywa kwa 641 hubakiza 1. Pili, 641 ni 5⁴ + 2⁴, maana 625 na 16 ni 641. Basi mahali pa 5⁴ paweza kuwekwa hasi ya 2⁴, na baki lisibadilike. Hasi ya 2³² nayo, kwa hiyo, hubakiza 1. Ndiyo kusema 2³² + 1 hugawanyika kwa 641 pasipo baki.

Mwanafunzi wa lugha asidhani kwamba jambo hili halimhusu. Aliyekusanya kiti, kisu, kikapu, kitabu na kitanda aweza kutangaza kwamba kila jina lenye ki- huleta upatanisho wa ki-. Jina la sita, kiboko, likimaanisha mnyama, humkanusha: kiboko amezama, wala si kimezama. Mifano mitano huzaa dhana, haizai kanuni.

Hadi leo hakuna namba tasa nyingine iliyopatikana katika mfululizo huo, na kuanzia ya sita hadi ya 33 zote zimethibitishwa kuwa si tasa. Je, yafaa kusema kwamba hakuna nyingine kabisa? Kusema hivyo pasipo ithibati kungekuwa kulirudia kosa la Fermat kwa upande wa pili.