Tisa Zile, Komeo na Sufuri ya Pretoria

Uliza vijana wanaocheza mpira Kasongo ni nani mfungaji hodari kuliko wote katika historia ya Kongo, na majina yatamiminika kabla hujamaliza swali. Uliza ni ngome gani iliyozuia vizuri kuliko zote, watatazamana. Mfungaji ana jina, ukuta hauna. Kwa hiyo nimekusanya hapa rekodi za upande wa pili, za wale waliosimama nyuma wakati wenye mbio wanakuja. Nimezikusanya nikimfikiria kocha wa timu ya shule, awe wa Kasongo au wa Kabambare, mwenye swali moja tu kichwani: mabeki wangu ni wazito, wapinzani wana miguu ya swala, nifanye nini Jumamosi?

Kipigo kizito kuliko vyote

Nianze mbali, na kwa mpira usio wetu. Vyuo vya Marekani vina mchezo wao wa mpira wenye umbo la yai, ambao mchezaji huubeba kifuani na kukimbia nao huku wenzake wakimsafishia njia. Tarehe 7 Oktoba 1916, mjini Atlanta, chuo cha Georgia Tech kiliifunga Cumberland 222 kwa 0. Hadi mapumziko ilikuwa tayari 126 kwa 0. Katika vyuo vya nchi ile hakuna kipigo kikubwa kuliko hicho, na kinachonishangaza zaidi ya idadi ni namna kilivyotokea: Georgia Tech hawakurusha pasi hata moja. Walikimbia tu. Cumberland kilikuwa kimeshavunja timu yake, kikaokoteza wanafunzi kwa kuogopa faini ya dola 3,000.

Walimu wa mchezo ule wana dawa ya mbio, na dawa yenyewe haihitaji wachezaji wenye vipaji. Kwanza husogeza mtu wa ziada, wa nane, karibu na mstari wa mbele, ili katikati pasipitike. Kisha kila mlinzi hupewa mlango wake mmoja. Haruhusiwi kuuacha hata akiuona mpira unapita kwa jirani, kwa sababu mkimbiaji hodari husubiri hasa hapo: mlinzi mwenye hamu atoke, naye apite palipobaki wazi. Katikati pakifungwa, mkimbiaji hulazimika kuzunguka pembeni, na huko mstari wa uwanja ni beki asiyechoka wala kudanganywa kwa chenga.

Wapenda rekodi watanikumbusha ile 149 kwa 0 ya Madagaska, tarehe 31 Oktoba 2002. Siihesabu. Wachezaji wa Stade Olympique de l'Emyrne walijifunga wenyewe bao baada ya bao kumlalamikia refa, na AS Adema wakabaki kutazama. Pale hapakuwa na ngome ya kupima.

Boma na paa lake

Funzo la zamani zaidi la ulinzi ninaloweza kulitaja huku kwetu halikutoka uwanjani. Kasongo, mji uliokuwa makao ya Tippu Tip, uliangukia mikononi mwa jeshi la ofisa Mbelgiji Francis Dhanis tarehe 22 Aprili 1893. Baadaye mwaka huohuo Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan, mfanyabiashara wa Ujiji, alikuja na watu wake akajenga maboma ya magogo na mitaro. Mwezi Oktoba askari wa Dhanis waliyakimbilia uso kwa uso, wakarudishwa, na ofisa wao Ponthier akapoteza maisha. Mbio za mbele hazikufua dafu. Kilichoyamaliza kilikuja Januari 1894, pale mzinga ulipowasha paa za nyasi zilizokuwa ndani ya boma. Moto ukafanya ambacho mbio zilishindwa, na tarehe 25 ya mwezi huo Kabambare nayo ikachukuliwa.

Simpambi yeyote katika vita ile. Pande zote mbili ziligombania Maniema ambayo wenyewe wake walikuwa wakikamatwa na kuuzwa, kisha wakalazimishwa kazi na washindi. Ila picha ya boma imenikaa: magogo yalishika, paa ndilo lililowaka. Nimeikuta tena katika hadithi ya mpira inayotuuma kuliko zote.

Tisa na tisa

Mwezi Machi 1974, huko Misri, Ndaye Mulamba alifunga mabao tisa katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Ni rekodi ya mabao mengi zaidi kwa mchezaji mmoja katika fainali moja za kombe hilo, na hadi leo hakuna aliyeifikia. Fainali dhidi ya Zambia iliisha 2 kwa 2, ikarudiwa, Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, ikashinda 2 kwa 0. Mabao yote manne ya Zaire katika mechi hizo mbili aliyafunga Ndaye peke yake.

Miezi mitatu baadaye timu ileile ilikwenda Ujerumani Magharibi, ikiwa ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Tarehe 14 Juni ilifungwa 2 kwa 0 na Scotland, na aliyeitazama mechi hiyo hakuona timu ya kudharauliwa. Tarehe 18, mjini Gelsenkirchen, ikafungwa na Yugoslavia 9 kwa 0. Tofauti ya mabao tisa ni kubwa kuliko zote katika fainali za Kombe la Dunia. Hungary imewahi kuifikia mara mbili, dhidi ya Korea Kusini mwaka 1954 na dhidi ya El Salvador mwaka 1982.

Tisa za Machi zilikuwa za mtu mmoja, na kila Mkongo anamjua. Tisa za Juni walitwishwa mabeki na magolikipa. Hapo ndipo ninapoona dhuluma, kwa sababu ukifuata dakika utaona jambo jingine. Mwepu Ilunga, beki wa kulia, alisimulia miaka mingi baadaye kwamba wachezaji walikwenda uwanjani wakiwa wamekwisha kuambiwa kuwa pesa zao hazipo, na kwamba walifikiria kutocheza kabisa. Bao la tatu liliingia dakika ya 18. Dakika ya 21 golikipa Kazadi Mwamba akatolewa, akaingizwa Tubilandu Dimbi, na mpira wa kwanza kumfikia alikwenda kuuokota wavuni. Papo hapo Ndaye akapewa kadi nyekundu kwa kosa ambalo hakulitenda: Mwepu alisema wazi kwamba aliyempiga refa teke ni yeye. Hadi mapumziko, sita. Paa lilikuwa linawaka.

Sasa tazama kipindi cha pili. Watu kumi, mioyo imevunjika, mvua ya mashambulizi ileile, wakafungwa matatu. Siku nne baadaye walikutana na Brazil, mabingwa wa dunia waliohitaji ushindi wa mabao matatu ili kusonga mbele. Kwa masimulizi ya Mwepu, watu wa Rais Mobutu walikuwa wamewaonya wachezaji kwamba wakifungwa manne hakuna atakayerudi nyumbani. Walifungwa matatu. Mechi ikielekea ukingoni, Brazil wakapata mpira wa adhabu, na Mwepu akachomoka kwenye ukuta kabla filimbi haijaruhusu, akaupiga mpira mbali kwa nguvu zake zote. Dunia ilicheka, ikasema Mwafrika hajui sheria. Mimi kila nikiitazama picha ile naona beki anayeokoa sekunde kwa kitu pekee alichobaki nacho. Kama kuna rekodi ya kuondosha hatari chini ya hofu kubwa kuliko zote, naiandika kwa jina lake.

Komeo la wanyonge

Wanaotukana timu inayojihami wangesoma habari za Karl Rappan. Kocha huyu wa Austria alifundisha Uswisi miaka ya 1930, akiwa na wachezaji wengi ambao mpira haukuwa kazi yao, wakikutana na timu zenye nguvu na mazoezi ya kutosha. Akarudisha mtu mmoja nyuma ya mabeki wote, asiye na wa kumkaba, kazi yake ni kufuta makosa ya wenzake. Kwa Kifaransa wakauita mfumo huo *verrou*, komeo. Waitaliano waliuchukua, wakautukuza, nao wakauita komeo kwa lugha yao. Dunia nzima huukumbuka kwa mataji ya Milano na kusahau kwamba ulibuniwa kwa ajili ya watu dhaifu.

Maana ya komeo ni kwamba beki mzito hapaswi kukimbizana na winga mwepesi. Akifanya hivyo ameshashindwa. Arudi hatua mbili, asijitupe chini, amwonyeshe winga njia ya pembeni na kumnyima ya katikati, na nyuma yake awepo mwenzake akisubiri mguso mrefu wa mpira. Mstari wote ukae karibu na goli lake, ili mgongoni kusiwe na uwanja wa kukimbilia. Swala ni hatari mbugani. Ndani ya zizi miguu yake haimsaidii.

Watu wa kwanza

Desemba 2010, mjini Abu Dhabi, TP Mazembe ya Lubumbashi iliweka rekodi ambayo haiwezi kuvunjwa, kwa sababu wa kwanza ni mmoja: timu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Haikuwa na Trésor Mputu, nyota wake, aliyekuwa akitumikia adhabu. Iliifunga Pachuca ya Meksiko 1 kwa 0, kisha tarehe 14 ikaitoa Internacional ya Brazil 2 kwa 0, kwa mabao ya Kabangu na Kaluyituka. Watu wanamkumbuka golikipa Robert Kidiaba kwa kurukaruka akiwa amekaa chini, na ni haki yao, lile ni shangilio la kupendeza kuliko yote niliyoyaona. Ningependa wamkumbuke pia kwa mechi mbili bila kufungwa mbele ya mabingwa wa mabara mengine. Kwenye fainali Inter ya Milano ilishinda 3 kwa 0.

Golikipa mwingine wetu yuko peke yake kwenye orodha yangu. Lionel Mpasi, San Pedro, Ivory Coast, Januari 2024. Kongo ilikuwa imetoka sare mechi zote tatu za kundi, ikiwemo ile ya 0 kwa 0 na Tanzania, kisha sare ya nne na Misri, wenye mataji saba ya Afrika, mengi kuliko taifa lolote. Penati zikaendelea hadi zikawafikia magolikipa. Wa Misri akagonga mwamba. Mpasi akaweka mpira, akafunga, 8 kwa 7. Tulifika robo fainali bila kushinda hata mechi moja kwa mabao ya uwanjani. Wako walioona aibu. Mimi sioni: mara nne mfululizo wapinzani walishindwa kutushinda.

Novemba 2025, Rabat, katika mchujo wa Kombe la Dunia dhidi ya Nigeria, Mpasi huyohuyo alitolewa penati zikikaribia, akaingia Timothy Fayulu, akazuia, na nahodha Chancel Mbemba, beki wa kati, akapiga ile ya ushindi, 4 kwa 3. Mwaka 1974 golikipa alibadilishwa kwa hofu. Safari hii alibadilishwa kwa mpango.

Na Wakenya wapewe chao, ingawa nasi walitufunga. Tarehe 10 Agosti 2025, uwanja wa Kasarani, katika mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Ryan Ogam aliwafungia bao dhidi ya Morocco, kisha Kenya ikabaki na watu kumi kabla ya mapumziko. Kipindi kizima cha pili kikawa cha kuzuia. Iliisha 1 kwa 0, na Morocco hao ndio waliolitwaa kombe.

Sufuri ya nyumbani

Maji ya Luama yanapitia Kabambare, yanaingia Lualaba, yanapita upande wa Kasongo, yanateremka hadi Kindu. Kindu ndiko iliko AS Maniema Union, klabu iliyoanzishwa mwaka 2005, changa kuliko wazazi wa mashabiki wake. Msimu wa 2024/25 iliingia kwa mara ya kwanza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika, ikawekwa pamoja na Raja Casablanca, AS FAR na Mamelodi Sundowns. Kwenye karatasi hapakuwa na mnyonge mwingine wa kutafuta.

Mechi ya kwanza ilikuwa Pretoria, nyumbani kwa Sundowns, mwezi Novemba 2024. Sundowns ni timu ya pasi na mbio, tajiri, na msimu ule ilifika hadi fainali ya mashindano hayo. Iliushika mpira, ikashambulia, na ngome ya Maniema ikarudi nyuma, ikajibana, ikaondosha. 0 kwa 0. Sufuri ile haina picha ya kubandika ukutani. Hakuna aliyekimbia kushangilia kwenye bendera ya kona. Katika rekodi zote nilizoziandika hapa, ndiyo ninayoipenda kuliko zote, maana waliotengeneza sufuri hiyo walivaa fulana yenye jina letu.

Kocha wangu wa Jumamosi hana Mpasi wala Mbemba. Hata hivyo kamba anaipata, ile ya kufungia mizigo kwenye baiskeli. Awafunge mabeki wanne viunoni, hatua nane baina ya mmoja na mwenzake, awatumie winga mwepesi kuliko wote, aite: kushoto, kulia, rudi. Siku ya kwanza wataangukiana. Siku ya tatu kamba haitakazwa tena, wala haitaburuta chini. Ijumaa jioni aifungue.