Bwawa la kuogelea: Gharama ya uzio ihesabiwe mapema

KILWA – Anayepanga kujenga nyumba ya wageni Kilwa Masoko, akitegemea watalii wanaovuka kwa mashua kwenda kutazama magofu ya Songo Mnara, mara nyingi huweka bwawa la kuogelea katika hesabu zake. Si jambo geni pwani hii. Sultani al-Hasan bin Sulaiman alikuwa na bwawa la pembe nane katika jumba lake la Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, katika karne ya 14. Songo Mnara walitumia visima.

Mwekezaji mdogo hukadiria saruji, vigae, pampu na klorini. Uzio husahaulika, na hapo ndipo biashara inapoweza kupotea.

Sababu iko Ulaya. Kwa kanuni za soko la pamoja la huko za mwaka 1990, zilizofanywa upya 2015, wakala anayemuuzia mteja safari na malazi kwa bei moja hubeba lawama huduma ya hoteli ikiwa mbovu, hata kama hoteli iko ng'ambo. Kwa hiyo wakala makini hulikagua bwawa kabla ya kutia saini, halmashauri ya mahali iwe na sheria ndogo au isiwe nayo.

Watalii nao wamezoea masharti ya kwao. Ufaransa ilipitisha sheria Januari 2003: mwenye bwawa la binafsi lililochimbwa ardhini achague uzio, king'ora, mfuniko au banda la kulifunika. Asiyetii anaweza kutozwa faini hadi euro 45,000. Jimbo la New South Wales, Australia, lina sheria yake tangu 1992: uzio usipungue mita 1.2, na geti lijifunge lenyewe na lifungukie nje.

Kigezo hicho cha Australia kinafaa kuigwa, kwani fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kukitekeleza. Tatizo la Kilwa ni chumvi. Bawaba na springi za chuma cha kawaida hushika kutu upesi, na geti lisilojifunga ni sawa na kutokuwa na geti. Afadhali kulipa zaidi kwa bawaba zisizoshika kutu kuliko kununua vigae vya mapambo.

Jambo la pili ni tundu la kunyonya maji sakafuni. Mwaka 2002, mjukuu wa James Baker, aliyepata kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alifariki akiwa na miaka 7 baada ya kunaswa na tundu la aina hiyo katika beseni la maji moto. Sheria ya Marekani ya Desemba 2007 ikalazimisha vifuniko salama katika mabwawa ya umma. Fundi aagizwe kuweka matundu mawili yaliyoachana, ili moja likizibwa mvuto wote usibaki hapo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5. Wengi hawakufia katika mabwawa ya hoteli. Mwenye kiwanja chenye kisima cha zamani, au shimo la bwawa lililosimama kwa kukosa fedha, aanze kulifunika hilo wiki hii, kabla ya kutafuta bei ya vigae.